Grafu ya Metikali

Kila Ijumaa, wanafunzi wa darasa la sita wakishafagia na kupanga madawati, Suzana alikuwa na kazi moja zaidi. Alipita kwenye duka la kubadilishia fedha karibu na soko, akasoma ubao uliotundikwa mlangoni, akaandika metikali moja ya Msumbiji inabadilishwa kwa shilingi ngapi. Mwalimu Kajetani alitaka darasa lichore grafu ya kuonyesha kiwango hicho kinavyopanda na kushuka wiki hadi wiki.

"Ubao ule hufutwa kila asubuhi," mwalimu aliwaambia. "Bei ya jana ikishafutwa, imekwenda. Sisi ndio tutaitunza."

Ijumaa tatu za mwanzo Suzana alikwenda. Alikuta shilingi thelathini na nane, kisha thelathini na tisa, kisha arobaini. Halafu mazoezi ya netiboli yakaanza, nayo yalikuwa Ijumaa jioni. Ijumaa ya nne hakwenda mjini. Akajiambia, bei si inapanda moja moja? Akaandika arobaini na moja. Ijumaa mbili zilizofuata akaandika arobaini na mbili na arobaini na tatu, jasho la uwanjani halijamkauka.

Bakili, aliyekaa naye dawati moja, aliinamia ile grafu.

"Mbona mstari umenyooka hivi? Hiyo bei haichoki? Hata kukaa chini kidogo?"

"Wivu tu huo," Suzana alimjibu. "Kachore yako."

Jumamosi kukawa na kikao cha wazazi, na grafu ikabandikwa ukutani. Mama yake Suzana alisimama mbele yake muda mrefu. Alikuwa akiuza vitenge nyumbani kwao Lizaboni, na baadhi ya wateja wake walikuwa kina mama waliovuka kutoka Msumbiji, wakamlipa kwa metikali. Alikuwa amekusanya metikali elfu nane. Siku hiyohiyo, baada ya kikao, alikusudia kuzibadilisha akanunue cherehani ya Mama Oliva, iliyotumika lakini nzima, kwa shilingi laki tatu. Alitaka naye ashone, asiishie kuuza kitambaa tu.

Mama aliweka kidole kwenye mstari, akapanda nao. Karatasi ikaisha, kidole kikaendelea ukutani.

"Arobaini na tatu sasa," alisema kwa furaha. "Kwa mwendo huu si itafika hamsini? Elfu nane zangu zitakuwa laki nne. Hiyo ni cherehani mpya, mwanangu! Kumbe nilikuwa na haraka ya nini?"

Suzana alitangulia mlangoni.

Walipotoka getini, Mama alitoa simu. "Acha nimpigie Mama Oliva. Kuna mtu mwingine anaitaka ile cherehani, basi amuuzie. Sisi tunasubiri."

Suzana aliona kidole cha Mama kikitafuta jina. Akamshika mama yake mkono.

"Mama, usipige."

"Kwa nini?"

"Ile grafu... namba tatu za mwisho nimezitunga. Sikwenda mjini. Nilikuwa netiboli."

Mama alimtazama. Akashusha simu.

"Mimi nimeiamini ile karatasi kwa sababu ni mkono wako," alisema. "Haya, twende dukani sasa hivi. Na huko utasema wewe, siyo mimi."

Ubao wa siku hiyo ulionyesha thelathini na nane. Mama alipiga hesabu kwenye simu: shilingi laki tatu na elfu nne. Ilitosha, lakini kwa kupenya tu.

Ndani alikuwapo Halima, dada aliyehudumia wateja.

"Shikamoo dada," Suzana alisema.

"Marahaba. Umepotea wewe! Nilidhani shule imekufukuza."

Suzana alimweleza yote, kisha akaomba asaidiwe kupata bei za zile Ijumaa tatu. Halima alifungua droo, akapekua nakala za risiti.

"Ijumaa hii ilikuwa arobaini. Hii ya mwisho, thelathini na tisa. Na hii ya katikati..." Akainua uso. "Hii tulifunga, tulikuwa msibani Tunduru. Hebu niambie, wewe uliandika ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Astaghafirullah! Uliisomea wapi, kwenye kufuli?"

Mama alijikaza, lakini kicheko kilimponyoka. Suzana alitamani sakafu immeze. Hata hivyo aliandika bei mbili alizopewa, akaacha nafasi ya ile Ijumaa ya msiba. Mama alibadilisha fedha zake, na kabla ya saa kumi cherehani ya Mama Oliva ilikuwa imefika Lizaboni juu ya bajaji.

Jumatatu Suzana aliwahi shuleni kuliko siku zote. Alibandua grafu ya zamani, akamfuata Mwalimu Kajetani ofisini, akamweleza bila kuficha. Kisha akachora nyingine. Mstari wake ulipanda, ukatulia, ukakatika, halafu nukta moja ikaonekana chini kidogo.

"Sasa huu umekatika kama barabara ya Mpitimbi wakati wa masika," Bakili alisema, na darasa likacheka.

Mwalimu Kajetani hakucheka. Aliibandika grafu mpya mwenyewe, akaweka kidole penye pengo.

"Hapa pana ukweli," alisema. "Panatuambia siku hiyo hakuna bei iliyosomwa. Suzana, ungeniachia mapengo matatu ningekuuliza sababu, ungejibu, yangekwisha. Lakini namba ya kutunga haiulizwi, inaaminiwa. Anayeisoma hajui ulikuwa mchezoni. Yeye anakwenda kuitumia kwa fedha zake. Usichokiona, sema hukukiona. Si aibu."

Halafu akauliza nani atakwenda kusoma ubao Ijumaa inayokuja. Mikono mingi iliinuka, na wa Bakili ulikuwa juu kabisa. Suzana naye alinyoosha wake.

"Na netiboli je?" mwalimu alimuuliza.

"Nimeshamwomba mwalimu wa michezo, nitaanza mazoezi nikitoka mjini. Amesema nitakimbia mizunguko miwili ya ziada kwa kuchelewa."

"Utaiweza?"

"Nitakimbia, mwalimu."

Mwalimu Kajetani akamkabidhi kalamu.