Somo la Kufungulia Sataranji

Yalimkuta rafiki yangu Merina wa mtaa wa Katubuka. Mimi, pamoja na safari zangu zote, ningekimbilia Burundi bila viatu.

Kila Jumapili shemeji yake alimfunga sataranji na kumcheka: "Shemeji, rudi jikoni!" Merina akaapa kulipiza. Akanunua Ujiji memori kadi ya simu yenye masomo ya sauti ya kufungulia mchezo: mzee akifundisha, mawimbi ya ziwa yakivuma nyuma yake.

Jioni moja, akisikiliza peke yake mbele ya ubao, umeme ukakatika, kisha simu ikaisha chaji. Gizani sauti ya mzee ikaendelea: "Sasa sogeza farasi."

"Sikimbii ng'o!" Merina akafoka. "Nasogeza, na wewe ujibu!"

Akasogeza. Kete ikagonga ubao upande wa pili. Akaipapasa: ilikuwa imelowa, na mchanga wa ziwa umeiganda.