Wekundu Katika Shimo la Nili

Kitambaa kilitoka kwenye shimo la rangi kikiwa chekundu. Tanimu alikikamua, akakitandaza juani, akangoja kigeuke buluu kama nili inavyogeuka ikipigwa na upepo, lakini kilizidi kuiva wekundu.

"Hii rangi gani?" alimnong'oneza mdogo wake, Garzali.

"Buluu, kaka. Tena imekolea. Una nini leo?"

Tanimu alinywea. Pale kwenye mashimo ya Kano, mtia rangi asiyeaminika jicho hana shimo, na lile alilirithi kwa baba yao. Akamsihi Garzali asimwambie mtu, na Garzali akaapa.

Siku zilivyokwenda shimo likaanza kunuka machinjio, na kila alipoinama kukoroga alisikia chini kabisa mtu akinywa taratibu, funda kwa funda, na wekundu ukapanda kutoka kwenye kitambaa ukaingia ukutani, kwenye uji wa mtama aliopikiwa na mkewe, kwenye nyuso za wanawe, mpaka akawa anafumba macho apumzike na humo namo akaukuta. Pengine, aliwaza, watu wote ndivyo waonavyo, ila walifundishwa utotoni kuuita buluu.

Kisha mkuu wa watia rangi akamwita. Alijua yote, hata maneno ambayo Tanimu alimwambia Garzali peke yake. Shimo akapewa Garzali. Tanimu alijipa moyo kwamba mdogo wake alibanwa tu. Si yeye, kaka mtu, ndiye aliyemfundisha kuonja nili kwa ncha ya ulimi?

Jamaa walipoamua apelekwe kwa mwalimu wa dini, Malam Zubairu, akasomewe Kurani, Garzali ndiye aliyemshika mabega. Katikati ya kisomo sauti nzito ikatoka kinywani mwa Tanimu, naye akaisikia kama wengine.

"Sikujileta. Garzali alinichinjia jogoo shimoni, akanipa macho ya kaka yake ili apate shimo."

Mikono ya Garzali ikamtoka mabegani. Malam akaliamuru jini litoke, Tanimu akaanguka, na alipofumbua macho mbingu ilikuwa buluu. Akalia, wala si kwa furaha. Afadhali angebaki na wekundu wake asiyajue haya.

"Malam," akanong'ona, "mikono ya Garzali ina rangi gani?"

"Buluu, kama yako. Nyote ni watia rangi."

Tanimu akatazama yake. Ilikuwa buluu. Ya mdogo wake ilikuwa myekundu hadi viwikoni, ikichuruzika.

Garzali akaificha nyuma ya mgongo.