Bomba la Samaki, Chuma cha Mama

Ndugu zangu mnaoishi na wazazi, nanyi mtakaoishi nao kesho, sogeeni karibu. Nyumba ninayotaka kuisimulia ni nyumba ambayo mpita njia yeyote angeisifu.

Asubuhi jua likiingia sebuleni lilipitia kwanza kwenye tangi la samaki. Lilikuwa tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, na ndani yake samaki wa manjano walizunguka bila haraka. Chini, ndani ya kabati, kulikuwa na tangi jingine dogo. Maji yaliyozidi juu yaliteremka kwa bomba moja hadi huko, yakachujwa na sponji, kisha pampu ikayarudisha juu kwa bomba la pili. Kazi hiyo yote aliifanya mwenye nyumba kwa mikono yake, naye alikuwa kinyozi, si fundi bomba. Alitoboa kioo bila kukipasua, akaunga viwiko vya mabomba na koki kwa gundi, akaweka pima maji kila mahali. Mkewe alisema hata kitanda chao hakikuwahi kupimwa hivyo.

Kando ya tangi alikaa mama yake kinyozi, fimbo mkononi, mzee mwenye nyonga mbovu na ulimi mzima.

"Samaki wameamkaje?" alimwuliza mwanawe.

"Wazima, mama."

"Wana bahati. Wao wakifungua mdomo unakuja mbio. Mimi nafungua wangu tangu nihamie hapa."

Kinyozi alicheka, maana alijua anasemwa kwa nini. Mama alikuwa ameomba chuma cha kushikia kwenye ukuta wa bafu, kwa kuwa sakafu ya mle iliteleza. Chuma kilikwisha nunuliwa, na drili ilikuwa kabatini. Lakini kila alipoombwa, kinyozi alijibu, "Kesho, mama." Wakati huo chuma chenyewe alikitumia kuegemezea mlango wa kabati usijifunge anaposhughulika na mabomba yake.

Msomaji, usimwite mtu mbaya. Alimpenda mama yake. Ila kuna upendo unaokaa moyoni raha mustarehe, haujawahi kushika nyundo.

Siku chache baada ya tangi kukamilika, wateja wake wa saluni walikuja kulitazama. Mama akasema kwa upole, "Baba, jana umeme ulipokatika niliona maji yakirudi chini kwa lile bomba la kupandishia. Tangi la chini lilitaka kumwagika."

"Mama, lile ni la kupandisha tu. Nimepima."

"Umepima na umeme ukiwepo."

Wateja wakacheka. Kinyozi hakucheka, akabadilisha mazungumzo. Mama alimtazama usoni, na hakulitaja tena jambo hilo.

Baada ya hapo umeme ulikatika mara nyingi, na sakafu haikupata hata tone. Kinyozi akavimba kichwa. Kule saluni alimshika mteja kidevu na kumwambia, "Mabomba yangu mimi hata mafundi waje wajifunze."

Mchana mmoja mashine yake ya kunyolea ilizimika katikati ya kichwa cha mtu. Umeme umekwenda. Akamaliza kwa mkasi, akafunga saluni, akaenda nyumbani kula. Alipofika mlangoni, maji yalikuwa yakitoka chini ya mlango.

Akaingia mbio hadi kwenye tangi. Maji ya juu yalikuwa yamepungua hadi nusu, pale pale ulipofika mdomo wa lile bomba la kupandishia, ambao aliuzamisha sana ili usionekane. Samaki walikuwa wamejibana chini. Kinyozi akapiga magoti majini, akaweka kiganja juu ya kioo.

"Poleni," aliwaambia. "Poleni sana."

Kutoka bafuni ikaja sauti ndogo.

"Na mimi je, baba?"

Mama alikuwa chini, mgongo ukutani, mkono wa kulia ameukumbatia kama mtoto mchanga.

Hospitalini walimfunga mkono ule uliovunjika, wakasema nyonga imenusurika. Kinyozi alikaa kando ya kitanda, na mkewe alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Mama alipofumbua macho, neno lake la kwanza lilikuwa swali.

"Maji yalimwagika? Koki sikuiwahi."

"Koki gani, mama?"

"Ya lile bomba la kupandishia. Pampu ikinyamaza huwa naivuta kwa fimbo, naifunga. Umeme ukirudi naifungua. Leo imenikuta bafuni. Nikaharakisha, nikatafuta pa kushika."

Kinyozi alishindwa kumtazama. "Siku zote hizo? Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, ukaona haya mbele ya wenzio. Nikasema basi, mwanangu afurahi na samaki wake. Mimi kazi yangu kukaa."

Walipomrudisha nyumbani, kinyozi alitoa drili kabatini.

"Unaanzia wapi?" mkewe aliuliza.

Akachukua kile chuma. Mlango wa kabati ukajifunga wenyewe. "Bafuni," alijibu.

Chuma kilipokazwa ukutani, akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote mbele ya mama. Kisha ndipo akaliendea bomba. Alilitoboa kitundu kidogo karibu na uso wa maji, ili maji yakianza kurudi, hewa iingie na mvuto ukatike. Akapunguza pia maji ya tangi la chini, libaki na nafasi ya kupokea.

Umeme ulipokatika tena, mama na mwana walikuwa wamekaa pamoja. Pampu ikanyamaza. Mkono mzima wa mama ukaifuata fimbo. Kinyozi akaushika.

"Tulia, mama. Sikiliza."

Maji yalishuka kidogo, kitundu kikafyonza hewa, kimya kikaingia. Mama akasubiri, akaitazama sakafu kavu.

"Yamesimama yenyewe," alisema.

"Yamesimama."

Hakuuvuta mkono wake, wala kinyozi hakuuachia.

Funzo

Mzazi akikuomba jambo dogo, lifanye leo. Chuma kilichoegemezwa pembeni hakimshiki anayeanguka. Na ukiona nyumba yako haivuji, usijisifu kabla hujauliza ni nani anayekuzibia.