Alama Tisa za Kitanda cha Sita

Fomu ya Bibi Hind, wa kitanda cha sita, ilikuwa imeshajazwa kabla hata damu yake haijachukuliwa.

Nesi Severa aliigeuza, akainusa. Wodi nzima ya wazee, ghorofa ya pili hapa Mchafukoge, ilinuka dawa ya kudekia. Fomu ile ilinuka udi, na wino wake wa zambarau ulikuwa bado mbichi. Umri, miaka tisini na moja. Homa, presha, mapigo ya moyo. Jumla: alama tisa za hatari.

"Nani kaandika?" aliuliza Tasneem, mjukuu wa bibi, kikombe cha uji mkononi.

"Mwanangu, punguza sauti," Severa alinong'ona. "Zinajijaza. Huu ni mwezi wa tatu sasa. Mzee mwenye maambukizi ya damu akipata tisa, haioni alasiri. Hazijakosea hata mara moja."

Dokta Heriel alifika, akasoma ile tisa, akanyoosha mkono kufunga dripu ya antibayotiki.

"Shikamoo, dokta. Unafanya nini?" Tasneem aliuliza.

"Marahaba. Tusimtese bibi. Dawa ni chache, na fomu haikosei."

"Itakosea vipi, wakati ukiiona tu unafunga dawa?" Tasneem aliongea chinichini. "Hiyo haitabiri, dokta. Inaagiza, na mkono wake ni wewe. Hata huo umri, mjomba alikisia tu pale mapokezi. Bibi mwenyewe hajui alizaliwa lini."

Tasneem akaichana fomu.

Feni ikasimama, kelele za Kariakoo zilizokuwa zikiingia dirishani zikakatika zote kwa pamoja, na chini ya kitanda kitu kikaanza kuvuta pumzi, ndefu, nzito, zenye udi, kikapanda miguuni kwa bibi, kikapita tumboni, mpaka shuka likabonyea kifuani pake kama pamekaliwa na mtu mzima, na Tasneem, meno yakimgongana, akaing'ang'ania ile dripu isifungwe huku akisoma Ayatul Kursi, akikosea, akirudia, akikosea tena, hadi shuka likainuka.

"Tasneem," bibi alisema. "Huo uji umetia sukari?"

Severa alikaa sakafuni, akalia. Feni ikazunguka. Harufu ya udi ikaondoka.

Haikwenda mbali. Kitanda cha saba alilala Mzee Eliakimu, ambaye hakuwa na ndugu wa kumletea uji. Fomu yake ilikuwa tayari, wino mbichi, alama tisa. Na Dokta Heriel, bila kumtazama mtu, alikuwa ameshaifunga dripu yake.