Macho ya Kobe wa Felisa

Nguo zilizofuliwa zikishaanikwa, na wali wa jioni ukiwa bado haujainjikwa, hiyo ndiyo ilikuwa saa ya Felisa. Alikaa barazani, miguu juu ya kigoda, akifuma. Kulabu yake ilizama, ikaibuka na uzi, ikazama tena. Mgongo wa kobe mdogo wa kijani ulikuwa unaota mikononi mwake.

Pikipiki yenye kibanda cha abiria ubavuni ilisimama mbele ya geti la mianzi. Akashuka mwanamke kijana, mgeni kabisa. Alikuwa amembeba mtoto wa miezi minane hivi.

"Samahani, mama. Wewe ndiye Felisa anayefuma kobe?"

"Ndiye mimi." Felisa alitabasamu. "Kama ni wa ubatizo, ungoje wiki mbili, mwanangu. Wenzako wametangulia."

"Sitaki kobe," alisema mgeni.

Akafungua kiganja. Kobe wa Felisa alikuwa humo, na jicho moja tu, jeusi. Mahali pa jicho jekundu palibaki doa la gundi.

Mgeni aliitwa Marivic. Alitoka ng'ambo ya daraja. Kobe huyo alipewa na binamu yake.

"Jana asubuhi mtoto alikuwa anamguguna," alisema. "Mara akanyamaza. Halii, hakohoi. Midomo ikabadilika rangi. Nikamlaza kifudifudi juu ya mkono wangu, kichwa chini, nikampiga katikati ya mabega. Nilipompiga mara ya nne, shanga ikatoka."

"Lakini nilitia gundi nzuri," Felisa alisema.

Maneno yalipokwisha kutoka, alitamani kuyarudisha. Mtoto alikuwa anamtazama, kidole mdomoni. Uso wa Felisa uliwaka moto.

Kila mtoto aliyebatizwa kijijini alipata kobe kutoka kwake, bure. Watoto wa hapo huvalishwa mkononi shanga nyekundu na nyeusi, za kuwakinga na kijicho. Felisa alifikiri: kwa nini kobe naye asiwe na macho ya shanga hizo, moja nyekundu, moja nyeusi, amlinde mtoto hata usingizini? Kina mama walimsifu. Naye alizipenda sifa hizo kuliko alivyokubali kusema.

Zenaida, jirani yake, alikuwa amesikia yote kutoka upande wa pili wa ua. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Alikuja na kandambili zake za bafuni, akamkagua mtoto kooni na kifuani, akasikiliza anavyopumua.

"Anapumua vizuri. Ulifanya sawasawa, dada. Lakini leo hii mpitishe kliniki, daktari amsikilize," alisema. Kisha akamgeukia Felisa. "Unacho kile kibomba cha karatasi ngumu kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha?"

Felisa alikileta. Zenaida alidondosha ndani ile shanga nyekundu, aliyokuja nayo Marivic. Ikapita, ikaanguka sakafuni.

"Chochote kinachopita hapa kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Shanga, kifungo, punje ya hindi. Gundi haisaidii. Mate huilegeza."

"Basi nisifume tena," Felisa alisema, macho chini.

"Nani kasema? Fuma. Ila macho yatarizi kwa uzi, upite ndani mara nyingi, fundo ulifiche. Mishono ikaze, pamba isichungulie. Usiache kamba ndefu, itamzunguka shingoni. Ukimaliza, vuta kila mahali kwa nguvu zako zote. Kikitoka kitu, hujamaliza."

"Na kijicho je?"

Zenaida alicheka kidogo. "Una uzi mwekundu?"

"Ninao."

"Na mweusi?"

"Ninao."

"Basi kobe wako bado analinda."

Marivic hakucheka. "Sikuja kukugombeza, mama. Umewagawa wangapi?"

Felisa alihesabu majina moyoni. "Kumi na sita. Pamoja na huyu."

"Hao kina mama wengine wanajua?"

"Mimi nitatangaza kliniki," Zenaida alidakia. "Sitataja jina la mtu."

Felisa alitamani kukubali. Kisha akamwangalia mtoto wa mgeni. "Hapana. Nitakwenda mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Kesho kutwa ni Jumapili. Kabla ya misa nitakuwa nimemaliza. Nakuahidi."

Zenaida naye alikwenda jioni ileile kuwaonya wenye watoto wachanga zaidi. Felisa alianza alfajiri ya Jumamosi, na kikapu cha nyuzi. Kila nyumba alisema maneno yaleyale: "Nilikosea. Macho niliyoyaweka yanatoka. Nusura yamuue mtoto wa mtu." Wengine walimshukuru. Mmoja alisema, "Kumbe zawadi zako zina meno, Felisa," na mumewe akaangua kicheko. Felisa alitarizi mlangoni pao bila kuinua kichwa.

Alasiri ilibaki nyumba moja, ya Pacencia, kiongozi wa kina mama wa kanisa. Huyo ndiye aliyewahi kusema mbele ya watu kwamba Felisa ana mikono ya dhahabu na kichwa cha pamba. Jana yake Zenaida hakumkuta mtu hapo, wote walikuwa wamekwenda sokoni kununua vitu vya sherehe. Siku hiyo Pacencia alikuwa anasherehekea ubatizo wa mjukuu wake. Geti lilikuwa wazi. Kijiji kizima kilikuwa ndani, na sahani za tambi na nguruwe wa kuchoma. Kobe alikuwa juu ya meza, karibu na keki.

Felisa alisimama nje. Angeweza kurudi usiku watu wakishaondoka. Angeweza kuja alfajiri. Lakini mtoto alikuwa anapitishwa mkono kwa mkono, na kila aliyempokea alimchukua kobe mezani, akamchezesha naye.

Akaingia.

"Umechelewa, mgongo wa nguruwe umekwisha," Pacencia alisema. "Chukua sahani."

"Sikuja kula. Nilikosea, Pacencia. Macho ya kobe yanatoka."

Mazungumzo yakakatika. Pacencia alimchukua kobe, akavuta jicho jekundu kwa kucha mbili. Likabaki vidoleni mwake. Aliliangalia, akamwangalia mjukuu wake.

Felisa alisubiri maneno ya kichwa cha pamba.

Pacencia alisogeza keki pembeni. "Kaa hapa. Penye mwanga."

Felisa alikaa mbele ya watu wote. Uzi uligoma kuingia kwenye tundu la sindano mara mbili. Alitarizi jicho jekundu. Akang'oa shanga nyeusi, akatarizi jicho jeusi. Akamkabidhi Pacencia.

"Vuta," alisema. "Kwa nguvu zako zote."

Pacencia alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hakikutoka kitu.

Akampa mjukuu wake kobe. Mtoto akamtia mdomoni moja kwa moja.