Kikombe cha Pili cha Mama Susana

Mama Susana hakuwahi kushukuru zawadi hata moja. Kwa hiyo alipompigia mwanawe Aminieli siku mbili baada ya Krismasi na kusema asante, Aminieli alipaswa kuogopa palepale. Hakuogopa. Alikuwa ofisini kwake Njiro, kwenye kampuni ya kupeleka wageni mbugani, na alifurahi kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Tusimlaumu haraka, ingawa tutamlaumu. Kumpa zawadi yule mama ilikuwa kazi kwelikweli. Blanketi zito alilipeleka kanisani, likauzwa mnadani baada ya ibada. Jiko la gesi likawa la kutagia kuku. Simu kubwa ya kisasa aliifungia kabatini, akaendelea na kisimu chake cha kitochi. Kila mwaka Aminieli alikuna kichwa, na kila mwaka hakuona kitu kilichokuwa wazi hata kwa kipofu: mama yake alikuwa mjane, peke yake kule kwenye miteremko ya mlima Meru, na Krismasi hata mtoto aliyeshindikana hupanda nyumbani. Yeye alikuwa na miaka minne hajapanda. Kutoka Njiro ni saa moja kwa gari. Saa moja, jamani.

Safari hii akaona atafute kitu kisicho cha kawaida. Mama alilima kahawa maisha yake yote na hakuwahi kuinywa. Kahawa ni ya kupeleka chama cha ushirika, nyumbani watu wanakunywa chai. Basi mtaani Sokon One, kwa mzee Selemani anayeuza vitu vya kale, akapata birika la shaba na vikombe viwili vidogo, vilivyotoka kwa familia moja ya Pangani. Kabla ya kuvifunga kwenye gazeti, Selemani alimshika mkono.

"Mara ya kwanza ukanywe naye wewe mwenyewe," alisema. "Hicho cha pili kikimiminwa kikakosa mtu, atakuja mtu wa kukinywa."

Aminieli akaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, kama watu wanavyomwitikia muuzaji mwenye maneno mengi. Mkesha wa Krismasi akampa Joel, dereva wa ofisi, apeleke. Joel aliacha mzigo mlangoni na kabla ya saa sita mchana alikuwa amesharudi mjini.

Sasa kwenye simu mama alishukuru kwa birika, halafu akaongeza kwa sauti laini ambayo Aminieli hakuwa ameisikia tangu baba afariki.

"Na asante kwa huyu aliyekuja. Anakaa. Ananisikiliza."

Aminieli aliuliza ni nani. Kabla mama hajajibu, nyuma yake mtu alikohoa, na Aminieli alikitambua kile kikohozi, kinachoanza kikavu na kuishia na mguno, kwa sababu kilikuwa chake.

Hakumaliza hata kufunga kompyuta. Akakumbuka maneno ya kikombe cha pili, akampitia mzee Selemani dukani wakapanda mlimani, na mchana ule ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na walipoliacha gari na kuanza kutembea ikawafikia harufu ya kahawa iliyochanganyika na udi, udi katika nyumba ya Kilutheri ambamo haujawahi kufukizwa, na kadiri walivyosogea ndivyo Aminieli alivyoisikia sauti yake mwenyewe ikisimulia taratibu, kwa Kimeru safi ambacho yeye alishaanza kukisahau, habari za siku alipopotea shambani akiwa na miaka mitano, ikicheka pale anapochekaga yeye, ikinyamaza pale anaponyamazaga yeye, mpaka akajishika koo kuhakikisha kwamba si yeye anayesema.

Selemani alisimama uani, akasoma dua kwa muda mrefu. Kisha akaacha.

"Huyu hakuvunja mlango," alinong'ona. "Alikaribishwa. Mwenye nyumba ndiye wa kumwambia toka. Sisi tutapiga kelele bure."

Mama Susana akatokea mlangoni, amevaa vizuri, amenenepa kidogo usoni. Aminieli alimwamkia, akaitikiwa. Akamwambia kwamba aliyemo ndani si mtu, ni jini.

"Najua," mama alisema. "Sikukuu nilimimina vikombe viwili, nikasema hiki cha Aminieli, karibu mwanangu. Akaja huyo. Mikono yake ya baridi, na akitembea simsikii. Nimezaa mtoto mmoja tu, nitakosaje kujua? Wewe saa hizi ungekuwa umeshaaga."

Aminieli alilia. Alilia kweli, mwanaume mzima, mbele ya mzee Selemani, akamwomba mama amwambie yule kiumbe atoke, yeye atakaa badala yake.

"Mpaka lini?" mama aliuliza.

Hakumuuliza kwa hasira. Alitaka kujua tu. Aminieli akafungua kinywa kujibu, na simu ikatetemeka mfukoni mwake, na mkono ukaenda wenyewe kabla hajauzuia. Mama akautazama ule mkono.

"Mama, ingia ndani," sauti ya Aminieli ikaita kutoka jikoni. "Kuna baridi."

Mama Susana akawatakia safari njema wote wawili, akafunga mlango. Selemani alianza kushuka kuelekea kwenye gari. Aminieli alibaki pale uani kwa muda, akisikiliza mama yake anavyocheka.