Kodi Hufuata Chumba

Fundi Timazi alikuwa mwashi, mwana wa mwashi, mjukuu wa mwashi. Babu yake ndiye aliyejenga kuta za shule ya kwanza ya mtaa ule, na hakuna aliyewahi kumdai kazi aliyoiacha njiani. Baba yake alijenga soko, kisha akajijengea nyumba ndefu yenye vyumba vya kupangisha kuzunguka ua. Alikuwa mtu wa neno moja. Alipofariki, alimwachia mwanawe nyumba hiyo na jina lisilo na doa.

Pamoja na nyumba, Timazi alirithi mpangaji. Huyo alikuwa mjane mshona nguo, ambaye kila mtu alimwita Mama Cherehani. Alikodi vyumba viwili vya mbele vyenye mlango mmoja. Cha ndani alilala, cha nje alishona sare za shule. Watoto wake walizaliwa humo, wakakua, wakaondoka kwenda kuanza maisha yao. Hakuwahi kuchelewesha kodi.

Lakini kodi yenyewe ilikuwa ndogo mno. Baraza la nyumba la mji ule liliipanga zamani, kwa mujibu wa sheria ya kudhibiti kodi. Siku ile baba yake Timazi alirudi nyumbani akasema, "Serikali imefunga kodi." Hakuongeza neno, na katika nyumba ile kauli ya baba haikuulizwa mara ya pili. Timazi akaishi miaka yote akiamini kwamba kodi ile haiguswi mpaka kiama.

Uchakavu ukaanzia hapo. Kila alipotazama paa, Timazi alijiambia kwamba kodi haitoshi hata kununua misumari, basi kwa nini apande juu? Mabati yakala kutu. Mvua iliponyesha, maji mekundu yalidondokea mashati meupe ya wanafunzi. Mama Cherehani alikinga maji kwa mabeseni akanyamaza, maana aliogopa kwamba akilalamika ataambiwa ahame. Na siku moja Timazi alipopata mabati ya bei nafuu akaleta mafundi, mama huyo alijifungia ndani. Alikuwa amesikia habari za wapangaji walioombwa wapishe ukarabati, kisha wasirudishwe tena. Mafundi wakaondoka, Timazi akasusa, na boriti zikaendelea kuoza.

Kinyozi wa mtaa, ambaye alikuwa rafiki yake, ndiye aliyempa ushauri. Alimwambia kwamba kodi ile ilikuwa ya yule mama peke yake. Akitoka yeye, mgeni atakayeingia atalipa bei ya leo.

"Unamlea mpangaji kama mtoto wa kufikia," kinyozi alimtania huku akimnyoa. "Na mtoto mwenyewe ana wajukuu."

Waliokuwa wakingoja zamu wakacheka. Timazi hakucheka. Maneno yalikuwa yamemwingia.

Alimwendea Mama Cherehani, akamtaka kwa adabu ahame mwezi utakapokwisha. Mama hakuinua macho kutoka kwenye sindano. Alijibu kwamba hana deni, hana kosa, na hana pa kwenda. Wateja wake walimjua pale. Akihama mtaa, atakuwa mshonaji asiye na wa kumshonea.

Mwezi ulikwisha, naye hakuhama. Asubuhi iliyofuata Timazi alikuja na bisibisi. Akafungua bawaba, akaubeba mlango wa mbele mpaka ghalani, akisema anakwenda kuurekebisha. Uani hapakuwa na mtu asiyejua maana yake. Timazi mwenyewe aliona amefanya jambo la kiungwana. Hakumtusi mama wa watu, wala hakumgusa. Mlango ulikuwa wa baba yake, alijiambia, na mtu huchukua cha kwake.

Mama Cherehani hakupiga kelele. Alitundika shuka mahali pa mlango, akakaa, akaendelea kushona. Wateja waliinua shuka wakiingia, wakainamisha macho wakitoka.

Mchana ule mke wa Timazi alimwekea mumewe chakula, naye akakaa karibu.

"Baba watoto," alisema taratibu, "mkwe wangu alijulikana kwa kutia milango. Wewe tukujue kwa kuitoa?"

"Hujui hesabu za nyumba, mama."

"Sizijui. Namjua mwanamke atakayelala leo nyuma ya shuka. Kula, kinapoa."

Hakula.

Kesho yake Mama Cherehani alifunga safari mpaka ofisi ya baraza la nyumba, akaeleza yaliyomkuta. Siku hiyohiyo akaja mkaguzi wa nyumba, mwanamke wa makamo mwenye viatu vilivyojaa vumbi. Alimwamkia Timazi kama binti anavyomwamkia baba. Kisha, badala ya kuwasikiliza watu, akaanza kuisikiliza nyumba. Alitazama paa. Alibonyeza boriti kwa kidole, na kidole kikazama kama kwenye mkate. Alisimama kitambo mbele ya fremu tupu. Mwisho akaomba vigoda, wakakaa watatu uani.

"Mzee wangu, mlango uko wapi?"

"Ghalani. Unarekebishwa."

"Una ubovu gani?"

Timazi alilelewa asiseme uongo. Alikuwa amesema mmoja, na wa pili ukamshinda.

"Hauna ubovu," alisema. "Nilitaka ahame."

"Akihama utapata nini?"

"Mpangaji wa kulipa bei ya leo. Kodi ya huyu imefungwa."

Mkaguzi alimtazama bila ukali. "Kodi inayopangwa na baraza hufuata chumba, mzee. Haimfuati mtu. Huyu angetoka leo, mwingine angeingia kesho kwa kodi ileile. Ungemtoa bure."

Timazi alitazama mikono yake. Akilini alimwona yule mama na cherehani lake barabarani, na chumba kitupu nyuma yake, na yeye mwenyewe amesimama hapo asiongezewe hata senti. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Mkaguzi akaeleza mengine. Kuondoa mlango, kuezua paa au kukata maji ili mtu ahame ni kosa, hata kama kila kitu ni mali ya mwenye nyumba. Mpangaji hutolewa kwa amri ya baraza tu, na kwa sababu inayokubalika. Labda halipi, au anaharibu nyumba, au mwenye nyumba anaihitaji kwa kuishi. Hata hapo hupewa muda wa kutafuta pengine.

"Na mimi je?" Timazi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Paa linaanguka. Nilipoleta mafundi, akawafungia mlango. Kodi haijengi. Mimi ni mwenye nyumba, au mlinzi wa nyumba asiyelipwa?"

"Hilo ni swali la haki," mkaguzi alisema. "Mimi nimeona nyumba zilizoanguka kwa sababu kodi iliachwa chini mno. Mpangaji hapati nafuu kwa nyumba iliyoanguka. Niambie, mara ya mwisho uliomba lini kodi ipimwe upya?"

"Kuomba? Si imefungwa?"

"Nani alisema?"

"Baba yangu."

Mkaguzi aliinamisha kichwa kwa heshima ya marehemu. "Alisema kweli kwa siku ile. Baraza liliweka kiwango. Mwenye nyumba akifanya matengenezo makubwa, au ushuru ukipanda, ana ruhusa ya kuomba kipimwe tena. Baraza huwasikiliza wote wawili. Hupati kila unachotaka, lakini hunyimwi kilicho haki."

Kumbe njia ilikuwapo miaka yote, na hakuna aliyeipita kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Mama Cherehani alikuwa ameanza kutabasamu. Mkaguzi akamgeukia.

"Na wewe, mama, mafundi walipokuja kuezeka uliwafungia kwa nini?"

"Nilijua wakiingia wao, natoka mimi."

"Ulikosea. Mpangaji analipa kwa wakati, anatunza nyumba, na anapisha matengenezo. Ukiogopa kutorudi, unakuja kwetu, tunaandika kwamba vyumba ni vyako kazi ikiisha. Mwaka mzima umekinga maji kwa beseni, kumbe ungeweza kuyakinga kwa ulimi."

Tabasamu likamtoka mama. Sasa wote wawili walikuwa wametazama chini, kama wanafunzi waliokosa jibu moja.

Mlango ulirudi mahali pake kabla mkaguzi hajaondoka. Timazi aliutia mwenyewe, na Mama Cherehani akamshikia bawaba.

Timazi aliomba kodi ipimwe upya, na walipofika mbele ya baraza, kila mmoja alisema yake. Baraza liliamua kwamba paa liezekwe kwanza, kisha kodi ipande kwa kiasi kilichotajwa. Kiasi hicho kilikuwa chini ya alichotamani Timazi, na juu ya alichotamani Mama Cherehani. Wote walirudi wakinung'unika kidogo, ila hakuna aliyerudi akiogopa.

Timazi alifanya kazi kwa mikono yake, mume wa binti yake akimpandishia mbao. Siku za ujenzi cherehani liliwekwa sebuleni kwa mwenye nyumba. Mke wa Timazi alipata mtu wa kuzungumza naye, na mapazia yake yote yakapata pindo jipya. Paa lilipokamilika, mama alirudi vyumbani kwake. Masika yalipoanza, sare zilikaa kavu. Shule ya pili ikampa kazi. Kodi mpya aliilipa bila kulalamika, na sehemu yake Timazi akaiweka kwa ajili ya vyumba vya nyuma.

Jambo moja lilibaki. Mwana mkubwa wa Timazi, ambaye ndiye atakayerithi, alisema siku moja wakiwa mezani kwamba yeye zamu yake ikifika atauza nyumba tu. Mnunuzi atajua mwenyewe namna ya kuwatoa wapangaji.

"Nani kakwambia hivyo?" Timazi aliuliza.

"Nimesikia, baba. Watu wanasema."

Timazi aliweka kijiko chini. Alimwagiza aende mwenyewe kwenye ofisi ya baraza la nyumba, aulize, arudi na jibu. Kijana alikwenda akiwa amekunja uso. Jioni alirudi na uso mwingine.

"Wanasema mnunuzi hununua nyumba na mpangaji wake, baba. Haki zake haziuzwi."

"Sasa hilo hukulisikia," Timazi alisema. "Umeliuliza."

Ninyi vijana mnaosoma haya, sikieni vizuri. Leo wengi wenu ni wapangaji, na kesho baadhi yenu mtakuwa wenye nyumba. Sheria za kodi hutofautiana kati ya nchi na nchi, na hubadilika. Kwa hiyo msishike ya nyumba hii mkadhani ndiyo ya kwenu. Msiishike pia ya kinyozi, wala hata ya baba, bila kuihakikisha. Nendeni penye mamlaka ya nyumba katika mji wenu. Simameni wima mbele ya meza, ulizeni kwa vinywa vyenu, na msiondoke mpaka mmeelewa.